Kichwa cha Nguruwe Gereji

Jumamosi usiku, Buffalo

Nimeudhika mpaka usingizi umekataa. Mimi, bingwa wa kula tangu kambi ya wakimbizi Kigoma mpaka huku Amerika, nimealikwa na jirani yangu Ramon, Mfilipino, binti yake Tesa kamaliza shule, harufu ya nguruwe mzima akichomwa uani kwake nimeinusa tangu alfajiri, halafu napewa piza!

"Nguruwe wa kuchoma yuko wapi, bwana?"

Ramon akashusha sauti. "Gereji. Tesa hataki wenzake wakione kichwa."

Mtu kaamka alfajiri kumgeuza nguruwe juu ya mkaa, kisha anamficha kama mali ya wizi! Nikaenda gereji kwa hasira, nikilete kile kichwa nikitue juu ya piza zao.

Nikamkuta Tesa mwenyewe, na joho lake la mahafali, anang'oa sikio kwa vidole, mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Anko, funga mlango!"

"Unaona aibu ya nini?"

"Shuleni walicheka chakula changu miaka yote. Leo sitaki wamcheke baba."

Nikawakumbuka wanangu, wanaokula kisamvu pazia likiwa limefungwa. Nisijue hata nimkasirikie nani.

Nikafunga mlango, nikiwa ndani, nikala sikio la pili. Tamu! Na bado nimekasirika.