Ukungu Kwenye Kioo cha Helikopta

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu, na poleni na baridi ya huko. Wifi yangu hajambo? Na watoto, kile kikohozi kimewaachia? Sisi tunapumua. Magoti yananisumbua kama kawaida, lakini hayo si ya kukuandikia.

Mzigo wako ulifika salama. Baba aliutambua mara moja: helikopta ya plastiki ya kuunganisha, ile ya filamu ya kijasusi mliyokuwa mkiitazama wawili mpaka kanda ikachakaa. Nilipotaka kumsaidia kupanga vipande, alinifukuza. "Nimefungua saa za watu maisha yangu yote, leo nishindwe na kichezeo?"

Basi meza si yetu tena, tunakula sahani zikiwa mapajani. Anavaa lenzi yake ya kazini, anapapasa kipande, anakigeuza, anakibandika. Mkia ulikaa upande, akaung'oa. Mapanga ya juu yalimtoa jasho, na gundi ilimganda vidoleni hata chai akawa anainywa kwa shida.

Yule jasusi mdogo wa plastiki aliyekuja na helikopta amempa jina lako. Wageni wakija anawaonyesha: "Huyu mwanangu. Yuko kazi ya siri, ndiyo maana haonekani." Watu wanacheka. Mimi nimechoka kucheka.

Kuhusu macho yake, sikukwambia yote kwenye simu. Daktari wa macho alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinakwenda. Baba alikuwepo, akasikia. Tangu siku hiyo halizungumzii, na ole wake atakayelitaja.

Jana alimketisha jasusi kwenye kiti, akabandika kioo cha mbele, kisha akaniita. "Mama, hebu njoo. Gundi imeniharibia kioo, kimeingia ukungu. Simwoni aliyemo ndani."

Nikakichukua, nikakisogeza dirishani penye mwanga. Kioo kilikuwa safi, mdogo wangu. Nilimwona jasusi mpaka vifungo vya koti.

Nikamwambia, "Kweli baba, gundi kali hii." Akashusha pumzi, akafurahi kama mtu aliyeponea chupuchupu. Nilikwenda jikoni nikalia, maji ya bomba yakiwa wazi asinisikie.

Nina hasira nawe, sikufichi. Kila mwaka unasema mwakani, mara likizo, mara kazi. Najua huko si lelemama. Lakini macho ya baba hayangoji ruhusa ya mkuu wako wa kazi.

Shangazi anakusalimu, na jirani yetu fundi cherehani bado anakuulizia. Nibusie wanangu. Mungu awafunike nyote, awafungulie njia.

Baba naye amenituma, tena amesisitiza: nikuandikie utume kioo kingine, hiki kimeharibika. Usitume kioo. Njoo sasa, akikukazia macho angali anaweza kujua ni wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukaripia,
Dada Mkubwa