Upepo Niliopunguza kwa Siri

Mjukuu wangu Akoth,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, nami nataka kulisema kabla sijaogopa. Ukoo umenifanya bibi yako nikiwa bado kidato cha nne, basi nivumilie. Huku Lambwe hatujambo, ila mgongo wa mama.

Umeuliza kwa nini gari lenu linakunywa petroli mno, ingawa fundi amebadilisha chujio la hewa na baba yako ameacha mwendo wa kasi. Pimeni upepo wa magurudumu. Mwaka jana niliupunguza wa gari letu kwa siri, ili mama asirushwerushwe tukimpeleka kliniki Homa Bay. Akafurahi: "Leo barabara ina adabu!"

Lakini petroli ikawa inaisha haraka. Baba akamkabili Ouma, dereva wetu. "Unaiuza mpakani, Isebania!"

"Mzee, nipekue hata soksi," Ouma akajibu akicheka. Baba alipomwambia arudishe funguo Jumamosi, hakucheka tena.

Niliogopa kusema. Niliazima pampu, nikajaza magurudumu, nikamwekea mama mito miwili kwenye kiti. Petroli ikakaa kama zamani. Ouma akabaki kazini, ila baba husema, "Nilimtisha, akaacha wizi."

Sielewi. Nilitaka mgongo mmoja upone, na mtu mwema akaitwa mwizi. Je, nilirekebisha, au nilificha tu?

Nilipofika hapa niliacha kuandika, nikatoka na barua mkononi. Ouma alikuwa akiosha gari, baba amesimama kando. Nimewasomea yote, tangu mstari wa kwanza.

Bibi yako,
Atieno