Baraka Aliyopewa Dereva wa Barafuni

Wodi ya Wanaume,
Babati, Manyara.
13 Mei 2003

Kaka yangu Saibulu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Finland, na kwamba ile baridi unayoisimulia imepungua. Sisi huku hatujambo. Nataana wangu ameanza darasa la kwanza, masika yameharibu barabara ya Bonga kama kawaida yake, na tangu tupewe mkoa wetu wenyewe mwaka jana, kila kiwanja hapa Nangara kina mtu anayekipima. Mimi bado niko na cherehani yangu. Baba naye yuko hapa mjini, na ndiye sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Alitoka Simanjiro mwezi uliopita kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Sura ya mtu haioni. Anaona mwanga na giza tu, na umbo la kitu kama ni kikubwa. Tulisikia madaktari wa macho wangekuja kuweka kambi hospitali, basi akakaa kwangu kuwasubiri, huku akilalamika kila siku kwamba uji wangu ni mwepesi na kwamba mjini hata ng'ombe hawasikiki.

Nilimsomea barua yako ya Pasaka. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mashindano ya dunia ya mpira wa magongo wa barafuni yanachezwa hapo Helsinki, na kwamba wewe ni mmoja wa madereva wa ile mashine inayolainisha barafu wakati wa mapumziko, aliomba uji wake. Unamjua. Ni miaka tisa hajataja jina lako, tangu aseme hambariki mtoto aliyeondoka kama mwizi mpaka amwone kwa macho yake mwenyewe. Lakini kesho yake aliniuliza, eti kwa kupoteza muda tu, kama mashindano hayo yanaonekana Babati.

Yanaonekana kwa Mujahid, yule fundi redio wa karibu na soko, mwenye dishi. Nilimweleza jambo letu, naye, Mungu amjalie, akakubali kutuwekea kila alasiri marudio ya mechi ya usiku uliopita, ingawa wateja wake walikuwa wakiguna kwamba wanataka ligi ya Uingereza. Tulikwenda siku nane. Nikueleze ukweli, mchezo wenyewe sikuuelewa. Kile kidude cheusi wanachokifukuza sijakiona hata mara moja. Watu wazima wamevaa kama wamefungiwa magodoro, wanabamizana ukutani, kisha wanavua glovu wapigane na refa anawasubiri wamalize! Lakini baba aliuelewa siku ya kwanza. Mpira wa kawaida hauoni kabisa, majani yanawameza wachezaji. Hapa kuna weupe mtupu na watu wanaopita kama vivuli, basi anawafuata kwa kichwa. Alisema hawa ni morani: wana fimbo, na anayevunja adabu anatolewa akakae peke yake dakika mbili hadi adhabu iishe, jambo ambalo alidai hata nyumbani siku hizi halifanyiki ipasavyo. Siku waliyotolewa Warusi wawili kwa mpigo alicheka hadi akakohoa.

Kila mapumziko alinigusa goti akiuliza kama umetoka. Mara nyingi waliweka matangazo, mashine haionekani. Siku ya nane ilikuwa Finland na Sweden. Wenzako walikuwa mbele, na kipindi kilipoisha kamera ikabaki uwanjani. Mashine ikatoka, kubwa, taratibu, ikiacha barafu inang'aa nyuma yake. Dereva akapunga mkono. Baba akauliza kama ndiye. Nikamwambia ndiye.

Alisimama, akaomba nimsogeze. Akashika fimbo yake, akatema mate kidogo kidogo kwenye kioo cha televisheni ya Mujahid, kama anavyotutemea sisi anapotubariki, akakuombea kwa Mungu wetu Enkai ng'ombe, watoto, mvua na uzee. Kila ombi tukaitikia Naai, na Mujahid, Mwislamu wa swala tano, akaitikia pamoja nasi. Damasi muuza mitumba alikuwepo, akafungua mdomo kuuliza kitu. Mujahid akamtoa nje. Baadaye Mujahid aliniambia alimpa dakika mbili za adhabu. Njia nzima ya kurudi nyumbani baba alitaja jina lako, mara nne, nilihesabu. Hakujali hata nilipomwambia kuwa Finland, waliokuwa wakiongoza tano kwa moja, wamefungwa sita kwa tano.

Kaka, yule dereva hakuwa wewe. Alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu hadi kifuani. Kila mtu dukani alimwona isipokuwa baba.

Sasa niseme na lililo chini ya hilo. Asubuhi ile ulipoondoka uliniamsha kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Ulinituma nimwambie baba kwamba gari la misheni limekuja siku moja kabla, kwamba yeye yuko mnadani na huwezi kumsubiri, na kwamba unaomba baraka yake kwa magoti hapo mlangoni pake. Na ulipiga magoti kweli, nilikuona. Sikumwambia. Mimi ndiye niliyeongoza darasa letu, na wewe ndiye uliyechaguliwa na misheni kwenda Finland. Nilikuchukia, Saibulu. Nikajiambia nitasema kesho, kesho ikawa wiki, na baba alipotamka lile neno lake nikaona nimeshachelewa. Ulipoandika kuuliza kwa nini amekataa, nikakujibu kwamba mzee ni mbishi. Umekaa na mchumba miaka minne bila ndoa ukisubiri neno la baba, kumbe kizuizi ni mimi.

Jana alipasuliwa jicho la kulia. Kesho saa tatu asubuhi wanatoa bandeji. Niliandika hadi hapa nikaweka kalamu, nikaenda kitandani kwake, nikamwambia yote mawili, maana nilijua akishaanza kuniona usoni sitaweza.

Hakufoka. Aliniuliza maneno yako ya asubuhi ile yalikuwa yapi hasa. Nikayasema. Akataka niyarudie, nikayarudia mara tatu, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala. Akauliza ulipiga magoti upande gani wa mlango. Nikamwambia kulia. Kuhusu yule mwenye ndevu, alisema abaki na baraka hiyo tu, yeye hawezi kumfuata mtu kumnyang'anya alichompa, ila anashangaa atawalisha nini ng'ombe kwenye barafu. Wewe uje uchukue yako. Alisema jicho moja linatosha kumwona mtu mmoja.

Kisha akaniambia kwamba kesho wakifungua bandeji nikae mbele yake, karibu, asimwone mtu mwingine kabla yangu. Nitakaa.

Mujahid na mkewe Faudhia wanakusalimu. Nataana anauliza kama barafu hiyo inalika. Nisalimie mchumba wako, umwambie asiichukie familia yetu nzima, anichukie mimi. Kaa salama huko, kaka.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Noolarami