Mizani ya Mashuka

Jumapili, tarehe 16 Juni.
Asubuhi manyunyu hafifu, kisha mawingu yakapasuka. Nguo zote zimekauka kabla ya saa sita.

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako, ambaye sasa hivi amekaa mlangoni anapiga viatu kiwi na kuniuliza kama nimeshafika kwenye habari za kamba. Nimemwambia barua ina adabu yake, kwanza salamu. Hali yako vipi? Miguu bado inavimba jioni? Na huyo mpangaji wa tumboni, bado anakupiga mateke kila ukianza kusinzia? Mwambie mama mkubwa wake anamsalimu na anamwomba awe na subira kidogo. Sisi huku ni wazima kabisa, na mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi, kama utakavyosoma.

Najua umenuna. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa anwani. Uliuliza neno moja tu: nakuja au siji? Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, na sikutaka kukupa ahadi ya mdomo mtupu. Mumeo yuko kazini mbali mpaka mwezi wa nane, mama hatunaye, na mimi ndiye niliyesema siku ya harusi yako, mbele ya watu, kwamba mtoto wako wa kwanza nitampokea kwa mikono yangu miwili. Sasa jibu ninalo. Lakini limepita njia ndefu, na kipande kikubwa cha njia hiyo nilikipita na njaa.

Unajua kwamba sisi wa ufuaji hapa hospitalini na wenzetu wa jikoni tunashikiwa zamu na vibarua walewale. Jikoni wakienda likizo, sisi tunabaki. Tukienda sisi, wao wanabaki. Mwaka huu idara zote mbili ziliutaka mwezi wa saba, na mimi niliutaka kuliko wote kwa sababu ndio mwezi wako. Mkurugenzi alisuluhisha mpaka akachoka. Mwishowe akasema kwamba siku ya michezo ya wafanyakazi, wanawake wa ufuaji watavuta kamba na wanawake wa jikoni, na watakaoshinda ndio watakaochagua. Nadhani alikuwa anatania. Hakuna aliyecheka.

Sheria ilikuwa watu wanane kila upande, na uzito wao wote kwa pamoja usizidi kilo mia tano na sitini. Mimi nikawekwa mwisho kabisa, mahali pa kuzungushiwa kamba mwilini, na papo hapo nikapewa jina la Nanga. Sasa hata madaktari wananiita Nanga. Wengine sidhani kama wanakumbuka jina langu.

Tulijipima kwenye mizani yetu ya mashuka, ile pana ya chini tunayotupia mafurushi. Karani wetu wa mizani ni mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na hajawahi kukosea. Ukimbishia anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka kazi uliyoiacha. Akatupandisha mmoja mmoja, akajumlisha, akatangaza kwamba tumezidi kilo kumi na nne. Kisha nyuso zikageuka taratibu, zikatua kwangu. Mpiga pasi mwenzangu, yule mwembamba mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili, akasema hakuna haja ya kugawana hizo kilo, mwenye nazo yupo na anafahamika. Tulicheka wote, mimi pia. Lakini nilirudi kwenye pasi yangu nikiwa nimeshaapa.

Nikaanza siku ileile. Asubuhi chai kavu bila sukari. Mchana kabichi iliyochemshwa, bila mafuta, bila chumvi, bila furaha. Usiku maji ya limau. Shemeji yako alipoona sahani yangu aliuliza kama hayo ni maji ya kuoshea kabichi au ndiyo yenyewe. Wenzangu nao wakafuata, kila mtu kwa mtindo wake: mmoja alikula matango tu, mwingine aliacha chakula cha usiku, mwingine alitafuna barafu na kudai ameshiba. Nikajikaza kisabuni. Mizani ikashuka, ni kweli, lakini na mimi nilishuka nayo. Niliunguza koti la daktari mpaka likabaki na alama ya pasi mgongoni. Nilimgombeza shemeji yako kwa sababu anatafuna mkate kwa sauti. Usiku niliota viazi.

Tulipofanya mazoezi na wabeba machela, walituvuta kama toroli lililotoka kutiwa mafuta. Mmoja wao alituuliza kwa heshima zote kama tumeshaanza au bado tunajipanga.

Sasa hapa usicheke sana, nafikiria tumbo lako. Siku moja mchana kizunguzungu kilinishika karibu na matoroli ya mashuka safi. Nikasema nikae kidogo tu ndani ya toroli moja, mashuka yalikuwa bado na joto la pasi. Nikalala. Mbeba mizigo akaja, akalifunika toroli kama kawaida, akalisukuma. Alisema baadaye kwamba aliona mashuka ya siku ile ni mazito, akadhani hayakukauka vizuri. Alifika nalo kwenye mlango wa jikoni, akasimama kuomba maji ya kunywa, na mimi huko ndani nikakoroma. Maskini alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Aliyefunua shuka ni Bi Mwiko. Huyu ndiye mpishi mkuu, na ndiye nanga wa upande wa jikoni, adui yangu wa kamba kwa kamba. Nilidhani ataita watu wote waje kunitazama. Badala yake alinishika mkono, akanikalisha juu ya gunia la mchele, na kuniuliza tangu asubuhi nimekula nini. Nikamwambia. Akauliza na jana. Nikamwambia. Akachukua sinia la mgonjwa wa wodi ya pili lililokuwa tayari kuondoka, akanionyesha: samaki, maharagwe, rundo la mboga za majani, kiazi kitamu, kipande cha papai. Akaniambia mgonjwa huyo ameagizwa na daktari apunguze mwili, anapungua vizuri, na kazi yake kutwa nzima ni kugeuka ubavu wa kulia na wa kushoto. Mimi ninayenyanyua mashuka mabichi na kuvuta kamba nakula nusu ya nusu ya chakula chake, halafu nashangaa nakoromea ndani ya toroli! Akasema mwili una kalori zake unazozidai kila siku hata ukilala tu. Ukiunyima zote utajichukulia kwenye misuli ya mikono, na mikono ndiyo ninayoihitaji. Kata kidogo, akasema, usikate kila kitu. Sukari, soda na vya kukaangwa viache. Chakula kula.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia wakati tunashindania mwezi mmoja. Akanijibu kwamba yeye hakuja duniani kuvuta nguo zilizoanikwa, anataka kuvuta watu. Kisha akasema tutashindwa vilevile, lakini tutashindwa tukiwa tumeshiba, akaniwekea mayai mawili ya kuchemsha na kunisimamia mpaka nikamaliza la mwisho.

Tangu siku hiyo nikala, mdogo wangu. Mayai mawili na ndizi asubuhi. Mchana maharagwe au samaki na mboga nyingi, na wali wa kiasi, si mlima. Jioni mtindi, karanga za kujaza kiganja, parachichi nusu. Nikawapelekea wenzangu habari ile na mwanzoni walisema Bi Mwiko ametutegea mtego, anatunenepesha ili tukataliwe kwenye mizani. Mwembamba wa pasi alikataa katakata kwa siku tatu, halafu nikamkuta nyuma ya mashine anakula maharagwe yangu kwa kijiko cha kupimia sabuni. Akasema anayaonja tu, kwa niaba ya timu. Basi wote wakala. Kilo zikaanza kutoka polepole, kwa ustaarabu, bila kutuchukulia akili zetu. Magoti yangu yakanyamaza. Ngazi za ghorofa ya tatu nikazipanda huku naongea. Na wabeba machela tulipokutana nao tena, walimaliza mazoezi wamekaa chini wakidai nyasi zinateleza.

Siku ya kuamkia mashindano tukajipima tena asubuhi. Siku iliyotangulia Karani alikuwa ametupima na kutangaza bado tumezidi kilo tatu, na wenzangu walikuwa wameshaapa kutokula wala kunywa mpaka kipenga kilie. Mimi nikawaomba tupime mara moja zaidi. Tukapanda: mia tano arobaini na saba! Kelele zilizopigwa pale zilimtoa msimamizi ofisini na kalamu mdomoni. Tulikula siku ile kama watu wenye akili, na mizani ya kliniki, iliyotupima uwanjani mbele ya mwamuzi, ikasema vilevile. Jikoni walikuwa mia tano hamsini na tisa.

Mvuto wa kwanza walituburura. Wa pili tukawaburura sisi. Wa tatu, mdogo wangu, kamba ilisimama kama ukuta. Nilimwona Bi Mwiko mwisho wa upande wao, uso umeiva kama nyanya, akanipigia kelele kuniuliza, “Umekula?” Nikamjibu kwa sauti iliyofika wodini, “Nimekula!” Hapo Mwembamba akaanza ule wito wetu wa siku mashine zikiharibika na tunalazimika kukamua mashuka kwa mikono: kamua! kamua! Tukavuta kwa wito huo, pamoja, hatua moja, nyingine, na mimi nikawa nakuona wewe na hilo tumbo lako peke yako kwenye ile nyumba. Sikuachia. Bi Mwiko aliketi chini kwenye nyasi miguu mbele, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema ameangushwa na maharagwe yake mwenyewe.

Tumechagua mwezi wa saba. Jibu la swali lako ni hili: nakuja. Nitafika tarehe mbili, na nitakaa mpaka mtoto ajue harufu yangu.

Kabla sijafunga kuna jambo ambalo hata shemeji yako simwambii, kwa sababu siri kwake ni kama maji kwenye chujio. Juu ya mizani yetu ya mashuka kuna ubao. Uliwekwa zamani ili nguo zisishike kutu, na una kilo mbili kamili. Karani hupima fungu, halafu hutoa kilo mbili za ubao bila hata kufikiri. Alipotupima sisi watu, hakutoa. Kilo mbili kwa watu wanane: fanya hesabu mwenyewe. Tangu siku ya kwanza hatukuwa tumezidi hata kidogo. Kabichi yote ile niliila bure!

Niligundua siku niliyomshikia Karani zamu, wakati tayari nakula chakula cha Bi Mwiko. Mkono wangu ukatoa kilo mbili kwenye fungu la mataulo, nikabaki nimeduwaa na mataulo yangu. Nikafikiri kuwaambia. Nikafikiri pia jinsi Karani atakavyochekwa mpaka siku ya kustaafu, na jinsi sisi tutakavyorudi kwenye soda na vya kukaangwa siku hiyohiyo. Na kusema kweli, sikutaka kuacha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa napungua bila kununa. Nikanyamaza kimya. Ila walipotaka kujinyima maji, niliwahi kazini kabla ya wote, nikautoa ubao, nikausugua kwa sabuni, nikauanika juani. Hivyo ndivyo tulivyopoteza kilo kumi na sita kwa usiku mmoja.

Nilidhani siri ni yangu peke yangu. Ijumaa nilipokwenda kusaini likizo kwa Karani, ambaye ndiye anayetunza muhuri wa idara, aligonga muhuri, akanipa karatasi, na bila kuinua macho akaniomba kabla sijaondoka niurudishe ule ubao mahali pake, kwa sababu mashuka yameuzoea.

Basi mdogo wangu, nisikuchoshe. Wewe usipunguze chochote, kula wewe na kula kwa ajili yake. Nunua mayai, maharagwe na mboga za kutosha watu wawili na nusu. Kabichi usininunulie. Wasalimie majirani wote, hasa yule bibi wa mlango wa pili anayekuangalia usiku. Mwambie zamu yake inakaribia kwisha. Shemeji yako anasema mtoto akiwa wa kiume afundishwe kamba, akiwa wa kike afundishwe mapema zaidi.

Nakukumbatia, wewe na tumbo lako.

Dada yako akupendaye,
Nanga

Jumatatu asubuhi, jua kali tangu alfajiri. Nimefungua bahasha tena kuongeza mstari huu: jana niliweka kalamu mapema, lakini furaha ya safari ilininyima usingizi. Nimelala saa sita na robo usiku, nimeshiba.