Nywele Nilikata Mimi, Lawama Anabeba Mume Wangu

Mama Mshauri,

Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukienda upande unisamehe. Nina miaka ishirini na minne, niliishia darasa la saba, mimi ni Kalasinga wa kuzaliwa Arusha na nimeolewa hapa Karatu, mume wangu ni fundi wa matrekta na zile kombaini za kuvunia ngano. Kipunjabi nakiongea tu, kukiandika siwezi, na hata ningeweza, kwa watu wetu sina wa kumwandikia jambo hili.

Kwetu sisi nywele hazikatwi. Mtoto anazaliwa nazo na atakufa nazo, ni ahadi, na kilemba ni cha kuzitunza. Mume wangu zilikuwa zinamfika kiunoni, mimi ndiye niliyekuwa namchana kila Jumapili, yeye kwenye kigoda mimi nimesimama nyuma yake, na nisikufiche, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki tuliyoongea vizuri, maana siku nyingine ni mtoto na kazi tu.

Sasa mwaka jana wakati wa mavuno unajua hali ya sabuni ilivyokuwa, mche mmoja unaupangia foleni siku mbili na ukifika dirishani umekwisha, na yeye anashinda chini ya mashine, oili inamdondokea, makapi na vumbi vinaingia mpaka ndani ya kilemba. Sabuni kidogo niliyopata niliiweka kwa nepi za mtoto. Yeye nikawa namwosha kwa magadi kama tunavyofulia nguo, nikidhani nasaidia, kumbe namuunguza. Kichwa kikatoka vidonda, vidonda vikatunga usaha, nywele zikagandamana navyo. Mganga wa zahanati akasema bila kunyoa dawa haifiki kwenye ngozi. Mume wangu alikataa mwezi mzima, mpaka siku homa ilipopanda akaniambia, "Mama Jasi, kata." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Afadhali mkono wako kuliko wa kinyozi." Nikachukua mkasi wa cherehani nikakata, yeye analia, mimi nalia, na mtoto alipotuona naye akaanza.

Alipona. Lakini nywele zikirefuka kidogo tu na kazi ni ile ile, vidonda vinarudi, kwa hiyo amekaa nazo fupi. Jirani yangu Bernadina alipomwona alicheka, "Shemeji amekuwa kijana! Ulikuwa unamficha wapi?" Aliponiona sicheki akaniuliza, "Lakini si zitaota, Mama Jasi?"

Halafu mama mkwe akaja kututembelea bila kutuarifu. Alisimama mlangoni akamtazama mwanawe, akavuta shali akajifunika mdomo, akamuuliza, "Nani amekugusa kichwa?" Mume wangu akajibu, "Kinyozi wa mnadani." Mimi nilikuwa jikoni, sufuria ya chai mkononi, nasikia kila neno, na sikutoka. Mama mkwe aliondoka siku ile ile.

Tangu hapo huko mjini Arusha, kwa ndugu zetu, wanamwita mona, ndilo neno letu la kumdharau aliyekata nywele. Mjomba wake amesema mbele za watu kwamba mtu mzima ameinamia kinyozi wa mnadani kama kondoo. Nikienda gurdwara, yaani nyumba yetu ya ibada, nikikaa na wanawake kusukuma chapati mazungumzo yanakatika, na mmoja aliniuliza, "Ninyi mmeshabatizwa, au bado mnafundishwa?" kana kwamba tumehamia kanisani, wakacheka. Kumbe huyo mume wangu kila asubuhi anasali sala zetu kabla ya kushika spana, kitambaa kichwani.

Na sasa wifi yangu Manjit anaolewa, zimebaki wiki tatu. Kwetu bibi harusi huzunguka Kitabu kitakatifu mara nne, na kaka zake husimama pale kumsindikiza, mkono kwa mkono. Kaka anaye mmoja tu, mume wangu. Mama mkwe ametuma neno: au aje na kilemba kilichofungwa vizuri watu wasijue, au nafasi yake asimame binamu yao, ambaye ndevu zake ni nzuri lakini bia anazokunywa kila mtu anazijua. Mume wangu amesema, "Kilemba si kofia ya kujifichia," na harusini haendi kabisa. Manjit ameniandikia kwamba anamtaka kaka yake.

Nimemwambia mume wangu niache nikaseme kwamba ni mimi. Amekataa. "Mimi nimeshachafuka," anasema, "wewe baki safi." Baba yangu mzazi ni mtu wa kamati pale gurdwara, nikisema aibu itafika mpaka kwake. Nisiposema, namwona mume wangu anazidi kukonda. Nimechoka, Mama. Nifanye nini?

Mama Jasi, Karatu

JIBU

Mama Jasi, pole. Pole ya vidonda, pole ya foleni, pole ya kubeba jambo hili huku umembeba mtoto.

Sitakuambia kwamba nywele ni nywele tu. Jirani yako alisema hivyo bila kujua, mimi nikisema nitakuwa nimekudharau. Ulikata kitu kikubwa, na ulikikata kwa sababu mtu wako alikuwa anaugua na yeye mwenyewe alikuomba. Kwa hilo sina neno la kukulaumu.

Kosa lako liko jikoni. Siku ile ulipaswa kutoka na sufuria yako, ukaiweka chini, ukasema, "Mama, ni mimi." Hukutoka. Na mumeo naye, ingawa ninampenda kwa alivyokukinga, amekosea kusema uongo. Mtu aliyelia akikatwa nywele amejitangaza kuwa mtu aliyezitupa mnadani. Hao wanaomcheka wanamcheka mtu ambaye hayupo, na waliomtengeneza mtu huyo ni ninyi wawili.

Nilimuuliza mzee mmoja wa dini yenu, ndevu zake zinafika kifuani. Alisema jambo la nywele ni zito na hatalifanya jepesi ili anifurahishe mimi. Akasema pia kwamba kwenu harudishwi mtu mlangoni, mradi amevua viatu na kufunika kichwa, na kwamba nani asimame na bibi harusi ni ukoo wenyewe wa kukubaliana. Kisha akaniuliza, "Huyo kijana vidonda vya kichwani vinamrudia mpaka leo, na hakuna aliyekwenda kumwona?" Ninyi mlioko mjini mnaosoma ukurasa huu, swali hilo ni lenu.

Sasa nisikilize. Usiandike barua, na usingoje siku ya harusi nyumba imejaa wageni. Nenda wiki hii, na mumeo aende nawe. Atakataa, mwambie humwombi ruhusa, unamwomba akusindikize. Hilo la wewe kubaki safi huku yeye anakonda, mwambie umelikataa. Pitia kwanza kwa baba yako umwambie mwenyewe, asije akalisikia kwenye kikao cha kamati. Baba atakasirika. Mwache akasirike.

Kwa mama mkwe, ongea naye peke yake, mchana, mjomba akiwa hayupo. Eleza tangu magadi mpaka mkasi, usipunguze. Mumeo avue kitambaa, mama yake aguse mwenyewe makovu. Huyo ni mama, na toka aondoke kwenu mlangoni hajajua kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa.

Habari za bia za binamu usizitaje hata kidogo. Najua zinakuwasha ulimini. Ukizitaja utashinda ugomvi na Manjit atakosa kaka. Omba jambo moja tu, kwamba mumeo asimame na dada yake, kichwa kimefunikwa kwa heshima, bila kumdanganya mtu. Kama atafuga tena nywele baadaye, hilo ni lake na Mungu wake, lisiwekwe mezani kama mahari. Wakikataa, nendeni hata hivyo. Yeye akae kwa wanaume, wewe kwa wanawake, mle chakula cha wote, Manjit akigeuza macho amwone kaka yake yumo ndani.

Mama mkwe atakuuliza kwa nini hukusema siku ile. Usimtafutie sababu. Mwambie uliogopa, kisha unyamaze, umpe nafasi aseme ya kwake.