Jina Lako Limesomwa Mara Mbili

Kaka Tanios,

Mzima huko seminari? Huku theluji imeisha na mama keshaanza kukushonea kanzu ya upadirisho. Jumapili jina lako limesomwa kanisani mara ya pili kati ya tatu, eti mwenye kujua kizuizi aseme. Shangazi Wadiha akaninong'oneza, "Katika Kanisa letu la Mashariki mtu anaruhusiwa kuoa kwanza, ndipo awe padri. Huyu mbona kawakataa mabinti wote?"

Nikamjibu, "Labda alikuona wewe akaogopa ndoa, shangazi!"

Jana Padri Ghattas alikuja kunywa kahawa. Akasema Kanisa halimpi upadri mwanaume anayependa wanaume, hata kama hajamgusa mtu. Halafu akaniuliza kuhusu Nehme. Kwa jina, kaka! Nikaapa wewe na kijana huyo mlikuwa mnafuga nyuki tu.

Tangu hapo namshuku kila mtu, hata mleta barua. Lakini siri yenu tunaijua watatu. Mimi sijasema, na Nehme yuko Kanada, haongei na yeyote wa huku.

Tanios, ni wewe umemwambia padri? Nijibu kabla ya Jumapili. Mama bado anashona, na mimi nimeapa uongo mbele ya padri anayeujua ukweli.

Mdogo wako asiyemwamini mtu,
Rindala