Jina Langu Kwenye Vikapu vya Mama Mkwe

Mpendwa Bi Modesta, naomba msaada, na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi ipokee hivyo hivyo, maana mwenye kosa hana haki ya kuchagua wa kumwamkia. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Buswelu, zamani nilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka tulipopunguzwa na kuambiwa siku hizi ni soko huria, kila mtu ajitafutie, nami nikajitafuta miezi minane nisijione, hadi mke wangu akasema kwa nini usipeleke vikapu vya mama kwenye maonyesho ya kazi za mikono pale mjini, wageni wanavipenda, ni sisi wenyewe tuliohamia kwenye mabeseni ya plastiki.

Mama anayesemwa ni mama mkwe wangu, anaishi Kisesa, anasuka vikapu vya nyasi vyenye mifuniko, vimekaza kiasi kwamba ukimimina maziwa hayavuji, na kazi yangu ikawa kubeba, kupanga mezani na kupiga domo, kipaji ambacho Mungu alinipa bila kuniuliza.

Sasa Bi Modesta, siku ya kwanza pale mlangoni kulikuwa na dada anayeandikisha, kila meza inapewa kadi yenye jina la msanii, akaniuliza, "Baba, msanii ni nani?" Nikasema ni mama yetu. "Mama yenu nani?" Nikasema mama wa nyumbani kwangu, yaani aliyemzaa mwenzangu. Akaweka kalamu chini. "Baba yangu, huyo mama ana jina au hana?" Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka, na mzee mmoja muuza vinyago akasema, "Mwache, huyo Msukuma, jina la mkwe litamkwama kooni." Na ni kweli, miaka ishirini na mbili ya ndoa sijawahi kulitamka, kwetu mkwe hatajwi jina, hata tukikutana njiani mimi napisha pembeni na kutazama chini, na mke wangu ambaye angeweza kulitaja alikuwa msibani Magu. Foleni inasukuma, jua kali, nikachukua ile kalamu nikaandika jina langu.

Ningeishia hapo ningesema ilikuwa heshima. Lakini siku ya pili wakaja majaji pamoja na mama mmoja Mzungu wa mradi unaofadhili maonyesho, akaniuliza taratibu kwa Kiswahili kama ni mimi niliyesuka, na kadi ilikuwa pale inaning'inia, nikasema ndiyo. Akaomba kuiona mikono yangu. Nikampa. Ina makovu ya mashine ya pamba, akayapapasa kwa huruma akidhani ni ya sindano ya kusukia, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeteseka sana. Akauliza kile kikapu kikubwa kilichukua siku ngapi, nikasema tisa. Kilimchukua mama wa watu tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Nikapewa zawadi ya kwanza, na cheti, na picha gazetini nimekumbatia kikapu kama mtoto wa kwanza, na ukweli usemwe, nilifurahi, nilikuwa sijapigiwa makofi tangu harusi yangu, na yale yalikuwa ya bibi harusi.

Mke wangu aliporudi nikamwambia gazeti limekosea. Akaniamini. Kule Kisesa mwalimu mmoja alimsomea mama ile habari, mke wangu akafunga safari kwenda kunitetea, "Mama, hao ni waandishi tu, baba Malimi si mtu wa hivyo," na maneno hayo akanisimulia tukiwa tunakula, na mimi, Bi Modesta, niliendelea kumega ugali. Mama hakugomba. Alimpa binti yake mzigo wa nyasi zilizochambuliwa na kukaushwa vizuri, na ujumbe: "Mpelekee baba Malimi. Nimesikia ni fundi. Amalizie yeye, mimi nimepumzika." Hii ni wiki ya tano hajashika sindano, yeye aliyesuka hata wiki aliyomzika mumewe. Nilijaribu kujifungia chumbani nisuke mwenyewe, nikatoa kitu ambacho kuku alikikagua, akaenda kutagia kwa jirani.

Na sasa waandaaji wameniandikia, wananitaka Dar es Salaam mwezi ujao, nikae kwenye banda nisuke mbele ya watu siku tano, nami kwa ulimi huu huu nimeshajibu kwamba nitakuja. Nimefikiria kufunga mkono bendeji. Nimefikiria kwenda Kisesa kuomba radhi, lakini nitamwombaje radhi mtu ambaye hata usoni siruhusiwi kumtazama? Naona aibu kupita mtaani, watu wananiita fundi. Nifanyeje?

Mkosaji wa Buswelu
(Jina langu tafadhali usilitoe, limeshaandikwa vya kutosha.)

*

Mkosaji wa Buswelu,

Marahaba, maana nimekuzidi miaka mitatu. Nilicheka nilipofika kwa kuku. Kwenye ugali sikucheka, na nadhani hata wewe hukucheka ulipokuwa unaandika.

Tuanze na hiyo heshima uliyojifunika. Mimi pia ni wa huku huku, najua mkwe hatajwi. Lakini nyumbani mnamwitaje? Si Bibi Malimi? Wazee walioweka mwiko waliacha na njia ya kupitia. Ungemwambia yule dada aandike "Bibi Malimi wa Kisesa" na foleni ingesogea. Haya, ilikuwa jua na haraka na watu wanakucheka, ya kadi nakusamehe. Siku ya pili foleni haikuwepo. Hakuna mwiko wa Kisukuma unaosema mwanamume akiulizwa kazi ya mkwewe ajibu "siku tisa".

Na bado hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba umemwacha binti akamdanganye mama yake mzazi, naye hajui kama ni uongo. Sasa yule mama anajiuliza kama mtoto wake haoni, au anaona na amekuchagua wewe. Mtu akiwa na swali kama hilo sindano haishikiki. Cheti tu kisingemweka chini wiki tano.

Bendeji iache. Mwambie mkeo kwamba kadi uliiandika wewe kwa mkono wako, mwambie na ya makovu, mwambie na ya siku tisa. Akinuna, mwache anune, ana haki. Kisha nendeni wote wawili hadi ofisi ya waandaaji na cheti mkononi. Yeye atataja jina la mama yake, wao waandike cheti upya na kupeleka masahihisho gazetini. Wewe simama nyuma. Wakiuliza ni nani aliyewadanganya, hapo jina lako una ruhusa ya kulitaja.

Ukishamaliza hayo, mtafute mshenga aliyekuposea mke, na kama amefariki, ndugu yake mwenye umri. Huyo ndiye anayepeleka radhi Kisesa, na cheti kipya. Usitangulize mbuzi. Mbuzi akifika kabla ya jina kurudi kwa mwenyewe, mama ataona unamnunua, na mimi nitamuunga mkono.

Dar ameitwa yeye, si wewe. Akikataa, waandikie kwamba msanii hawezi kuja, wala usiongeze neno. Akikubali, aende na binti yake, na wewe ubebe mizigo, kisha usimame nje ya banda kuita watu, ambako hamtalazimika kutazamana. Domo lako lipewe kazi linayoiweza.

Majina yote nimeyabadilisha, hata la mtoto. Haitasaidia, mkeo atajitambua kabla hajafika aya ya tatu. Kwa hiyo wahi nyumbani. Ukimkuta tayari amelishika gazeti hili, usimnyang'anye. Kaa chini, umsubiri amalize kusoma.

Bi Modesta